Kivumishi cha Kilatvia "balts": ni "-eupe" tu, au kuna zaidi?

MkaziWaKimara

Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa kijitabu cha maneno ya Kilatvia kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa hapa Dar wanaokwenda kusoma Riga, mji mkuu wa Latvia. Ni karatasi za A4 zinazokunjwa katikati na kupigwa fotokopi, kwa hiyo kila neno lina nafasi ya mistari mitano tu.

Neno linalotukwamisha ni *balts*. Orodha zote tulizonazo zinaandika "-eupe" na kuishia hapo. Ukifungua matini yenyewe, neno halitulii: ukurasa mmoja una *balts, balta, baltu, baltais, baltā, baltajā*. Nyimbo za asili zinamwita mama *balta*, na binti wa hapa akisoma "mama mweupe" atajua wanasifu rangi ya ngozi. Halafu programu ya kutafsiri ya kwenye simu imegeuza *baltu valodas* kuwa "lugha nyeupe". Na karibu kila kijana anauliza kama Bahari ya Baltiki maana yake ni bahari nyeupe.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Maana zake hasa ni zipi, asili yake ni ipi, na ni kipi cha lazima kiingie katika mistari hiyo mitano?

---

Sarufi_Mchikichini

Mkuu, tuanze na maumbo, maana ndiyo yanayowakatisha watu tamaa mapema. Yote uliyoyataja ni neno moja. Shina ni *balt-*, na kinachobaki ni mwisho wa neno. Sisi tunaweka upatanisho mwanzoni, kwa kufuata ngeli: nyumba nyeupe, kitabu cheupe, gari jeupe, mahali peupe. Kilatvia kinauweka mwishoni, na mwisho huo unabeba mambo manne kwa mpigo: jinsia ya nomino (ya kiume au ya kike), umoja au wingi, kazi ya nomino katika sentensi, na kama kitu chenyewe kinajulikana au hakijulikani.

Hilo la nne ndilo orodha nyingi zinaliruka. *Balts krekls* ni shati jeupe, lolote lile. *Baltais krekls* ni lile shati jeupe, tunalolijua wote. Kwa nomino ya kike, *balta māja* ni nyumba nyeupe na *baltā māja* ni ile nyumba nyeupe. Tofauti yote imebebwa na kamstari kadogo juu ya *a* ya mwisho. Anayeandika bila mistari hiyo amefuta maana, siyo pambo.

Umbo hilo la kitu kinachojulikana, yaani umbo bainifu, linatumika baada ya *šis* na *tas* (hiki, kile), baada ya viwakilishi vya umiliki, na katika majina maalumu: *mans baltais krekls* (shati langu jeupe), *šī baltā māja* (nyumba hii nyeupe), *Baltais nams* (Ikulu ya Marekani). Kivumishi kikiwa upande wa kiarifu, rudi kwenye umbo fupi: *Krekls ir balts*, shati ni jeupe. Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kusema *mans balts krekls*. Mlatvia atakuelewa, ila sikio lake linakwaruzika kama letu tukisikia "shati changu".

Sasa tahadhari ya umbo *baltā*, kwa sababu lina kazi tatu. Linaweza kuwa "ile … nyeupe" kwa nomino ya kike. Linaweza kuwa "katika … -eupe": *baltā mājā*, katika nyumba nyeupe fulani. Na linaweza kuwa umilikishi (umbo la "cha, ya, wa") wa umbo bainifu kwa nomino ya kiume. Mfano wa hilo la tatu mtauona kwenye matangazo kila mwaka: *Baltā galdauta svētki*, sikukuu ya kitambaa cheupe cha meza, inayofanyika tarehe 4 Mei, siku ya kukumbuka tangazo la kurejesha uhuru la mwaka 1990. *Galdauts* ni neno la kiume, na *galdauta* ni "cha kitambaa cha meza", ndiyo maana kivumishi kimekuwa *baltā*. Ukitaka kujua ni *baltā* ipi, usikitazame kivumishi. Tazama mwisho wa nomino inayofuata.

Ukiyahesabu maumbo yote yanayotofautiana kimaandishi, kabla ya kufika kwenye *baltāks* (-eupe zaidi) na *visbaltākais* (-eupe kuliko vyote), yanafika 23. Usichapishe jedwali. Weka manne tu: *balts, balta, baltais, baltā*. Mwanafunzi akiyajua hayo anaweza kuufuata muundo kwenye vivumishi vingine: *labs, laba, labais, labā* (-ema), *jauns, jauna, jaunais, jaunā* (-pya, na pia kijana).

---

BintiMsasani

Nashukuru kwa sarufi. Mimi niseme juu ya maana, kwa sababu hapo ndipo "-eupe" inapotuangusha kwa njia mbili: mahali pengine tunasema "-eupe" na wao hawasemi *balts*, na mahali pengine wao wanasema *balts* na sisi hatuwezi kusema "-eupe".

Upande wa kwanza. Kiswahili cha hapa mjini kinamwita mtu "mweupe" akiwa na ngozi ya maji ya kunde au hata Mzungu, na pia "mweupe kichwani" akiwa hajui kitu. Kilatvia hakifuati njia hiyo. Kitu chenye rangi iliyopauka au chenye mwanga ni *gaišs*. Nywele za rangi ya dhahabu ni *gaiši mati*. Ukisema *balti mati*, msikilizaji ataona mvi kwanza, au nywele zilizopauka kabisa. Bia ile ya kawaida yenye rangi ya manjano ni *gaišais alus*. Buluu ya mwanga ni *gaiši zils*. Na mtu asiyejua kazi bado ni *zaļš*, yaani wa kijani, kama embe ambalo halijaiva. Kwa hiyo kijana asije akasema *balts* akitaka kusema "huyu mwenzetu ni mweupe kwenye hesabu".

Mtu akipauka kwa hofu au ugonjwa, neno la kawaida ni *bāls*. Wakitaka kutilia mkazo ndipo wanasema *balts kā palags*, mweupe kama shuka.

Kuna mahali lugha hizi mbili zinakutana vizuri. Sisi tunasema simu imeibiwa Kariakoo "mchana kweupe". Wao wana *balta diena*, mchana wenyewe wakati kumekucha kabisa, ingawa *gaišā dienas laikā* ndiyo mtaisikia zaidi. Karatasi tupu ni *balta lapa*, na kuanza upya kabisa ni kuanza *no baltas lapas*. Jambo lililoandikwa wazi bila ubishi ni *melns uz balta*, nyeusi juu ya nyeupe. Krismasi yenye theluji ni *balti Ziemassvētki*, na watu wanaitamani kweli.

Upande wa pili ni wa nyimbo. Nyimbo fupi za asili, *dainas*, alizikusanya na kuzichapa Krišjānis Barons kati ya mwaka 1894 na 1915. Mkusanyiko wake una matini 217,996. Humo *balta* anaitwa mama, na jua, na siku. Maana yake si rangi. Ni usafi, wema, kupendwa na kuheshimiwa, vyote kwa pamoja. *Mīļā, baltā māmiņa* tafsiri yake ni "mama mpenzi, mama mwema". Sisi tuna "moyo mweupe" kwa mtu asiye na kinyongo, na huo ndio mlango wa kumwelewesha msomaji. Lakini sifa hiyo tunaipa moyo, hatumpi mtu mzima. Ndiyo maana "mama mweupe" inapotosha, hata kama kamusi inaruhusu.

Kijitabu kiseme wazi: ikiwa *balts* inamsifu mtu ndani ya wimbo au pongezi, tafsiri kwa "mwema" au "mpendwa", na rangi iache kabisa.

---

Duka_la_Maneno

Kuongezea kwa Binti: vijana hawataanzia kwenye nyimbo, wataanzia dukani. Kuna maneno ambayo *balt-* imejificha ndani yake, na ukilijua shina unayafungua bila kamusi.

*Baltmaize* ni mkate mweupe wa ngano, unaokaribia boflo letu. Ule mweusi mzito wa shayiri nyekundu (rye), wanaoupenda sana, ni *rupjmaize*. *Baltvīns* ni mvinyo mweupe. *Baltie pipari* ni pilipili manga nyeupe. Kwenye sabuni ya unga ya kufulia tafuteni *baltai veļai*, "kwa nguo nyeupe". *Krāsainai veļai* ni kwa nguo za rangi. Angalieni mwisho *-ai*: huo ndio "kwa", kwa nomino ya kike ya umoja, na hakuna neno lingine mbele yake. Mtu akitafuta *balta* peke yake kwenye pakiti anaweza kuikosa.

Neno linalowashangaza wengi ni *olbaltumvielas* kwenye kila pakiti ya maziwa, mtindi au nyama. Likate: *ol-* ni yai, *baltum-* ni weupe, *vielas* ni vitu au viini. Ute wa yai ni *olas baltums*, na kutoka hapo wakapata jina la protini. Kwenye jedwali la virutubisho huo ndio mstari wa protini. Anayefuata mlo maalumu kwa sababu ya figo, au anayejenga mwili, aujue mstari huo siku ya kwanza.

Vitenzi navyo ni viwili na havibadilishani. *Balināt* ni kung'arisha kitu kiwe cheupe, kama tunavyotia jiki kwenye shuka, au daktari anavyong'arisha meno. *Balsināt* ni kupaka chokaa ukuta. Ukimwambia fundi *balināt* ukuta, atakuelewa kwa kukuhurumia.

Bendera yao nayo ina kivumishi chake: *sarkanbaltsarkans*, nyekundu-nyeupe-nyekundu, kwa mpangilio wa mistari yenyewe, 2:1:2. Nyekundu hiyo ni ile iliyokolea, inayoelekea damu ya mzee.

---

Mzee_wa_Isimu

Salaam kwenu. Nitajibu swali la asili, kisha la Baltiki, kwa sababu ni maswali mawili na watu huyachanganya.

Kilatvia na Kilithuania ni ndugu wa tumbo moja. Neno lilelile kwa Kilithuania ni *baltas*. Umbo la kale lilikuwa na irabu kabla ya *s* ya mwisho. Kilithuania kimeihifadhi, Kilatvia kimeiangusha, na hapo ndipo ulipozaliwa mrundikano wa *-lts* unaowapa shida wasemaji wetu. Kilatgalia cha mashariki mwa Latvia kinasema *bolts*.

Mzizi wenyewe ni *bhel-* wa lugha mama ya Kihindi-Ulaya, wenye maana ya kung'aa, kuwa na weupe. *T* iliyofuata ni kiambishi. Kilithuania bado kina kitenzi *balti*, kuwa cheupe, na kiambishi cha namna hiyohiyo kinaunda vitenzi-sifa vya kutendwa hadi leo: *mazgāts*, iliyooshwa. Kwa hiyo muundo wa kale wa neno unakaribia "iliyong'aa, iliyogeuka nyeupe".

Jamaa zake wako wengi. Ndani ya Kilatvia kuna *bāls* (iliyopauka), *balēt* (kuchujuka rangi), *balināt*. Upande wa Kislavi kuna Kirusi *belyj*, na jina la mji wa Beograd, "mji mweupe". Kigiriki cha kale kina *phalios*, neno la kumsemea mnyama mwenye baka jeupe. Kisanskriti kina *bhāla*, paji la uso, na Kialbania *ballë*, paji la uso vilevile, sehemu ya uso inayong'aa. Wanaisimu wengi wanaingiza humo pia neno la Kislavi la kinamasi, Kirusi *boloto*, kwa sababu ya weupe wa ardhi ya kinamasi. Neno hilohilo la kinamasi ndilo lililozaa jina la ziwa Balaton la Hungaria. Kilatini *albus*, "-eupe", kinafanana kwa herufi lakini ni cha mzizi mwingine. Msikiingize.

Sasa Baltiki. Jina hilo halikutoka kwa Walatvia. Linaonekana kwanza kwa Adam wa Bremen, mwandishi wa Kilatini wa karne ya 11, aliyeiita bahari *mare Balticum* na kueleza kwamba imetanda mfano wa mshipi, kwa Kilatini *balteus*. Wapo waliojaribu kulifunga jina hilo na *balts*, na hoja inavutia, lakini haijathibitika, wala isiandikwe kitabuni kama jambo lililokwisha. Lugha nazo zilipewa jina la Kibaltiki na mtaalamu Mjerumani, G. H. F. Nesselmann, mwaka 1845, kwa kufuata jina la bahari. Kilatvia kikalipokea jina la kitaalamu na kuunda *balts*, wingi *balti*, yaani Mbalti, Wabalti.

Hapo ndipo programu yenu ilipojikwaa. *Baltu valodas* ni "lugha za Wabalti". Kimaandishi *baltu* hiyo haina tofauti hata kidogo na *baltu* ya "-eupe". Kipimo ni muktadha: ikifuatwa na *valodas* (lugha) au *ciltis* (makabila), ni Wabalti. Ikifuatwa na *kreklu* (shati) au *papīru* (karatasi), ni rangi.

Kuna jozi moja ninayowaomba msiiache, kwani hata watafsiri wazoefu huteleza. *Baltkrievi* ni Wabelarusi, na *balt-* yake ni "-eupe" kweli, kwani jina lenyewe ni Warusi weupe. *Baltvācieši* ni Wajerumani wa eneo la Baltiki, na *balt-* yake ni Baltiki. Herufi zilezile, nasaba mbili. Bahari nyeupe halisi, ile ya kaskazini mwa Urusi, ni *Baltā jūra*. Ya kwao ni *Baltijas jūra*. Ukiitafsiri moja kwa nyingine umemhamisha msomaji hadi karibu na Ncha ya Kaskazini.

---

MkaziWaKimara

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Mmenifungua macho kwenye *baltu valodas*, na *mama mweupe* tunaiondoa leoleo.

Limebaki moja: matamshi. Mkanda wetu wa mazoezi una watu wa Dar wanaosoma, na wote wanatoa "balitsi". Halafu *baltajiem* wanaitamka kwa kupandisha sauti katikati. Tuwaelekeze vipi kwa maandishi?

---

Sarufi_Mchikichini

Marahaba kwa niaba ya Mzee, najua yuko msikitini saa hizi.

Mkuu, matatizo ni mawili. La kwanza ni irabu ya kuchomeka. Waambie waanze na *ts* ya neno letu "tsetse", waitoe bila irabu, kama mtu anayenyamazisha kuku kwa "ts". Kisha watamke "bal", ulimi ubaki umegusa juu ya meno kwenye *l*, wasiuondoe. *L* na *t* zinatoka mahali palepale mdomoni, kwa hiyo ulimi hauna safari ya kwenda popote. Irabu inaingia pale ulimi unapoachia mapema. Wafanye "bal—ts", halafu wafupishe pengo.

La pili ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri. Kilatvia kwa kawaida kinakaza ya kwanza, neno liwe refu namna gani: BALtais, BALtajiem, BALtākais. Na ukiona *ā*, usiikaze, ivute tu. Hapa ndipo ugumu ulipo kwetu, kwa sababu tunapovuta irabu huwa tunaikaza pia. Anayesoma *baltā* kama "baltáa" amesogeza mkazo. Sahihi ni sauti kushuka baada ya BAL, halafu *a* inashikiliwa mara mbili ikiwa chini. Apige meza kwa kidole kwenye BAL tu.

Kwa maandishi, kwenye simu bonyeza *a* na uishikilie, *ā* itatokea. Kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kilatvia, bonyeza alama ya ritifaa kisha *a*. Mkiona Walatvia wenyewe wakiandika *baltaa* kwenye meseji, ni njia ya mkato ya *baltā*, si neno jipya.

---

BintiMsasani

Nimejaribu kuipanga mistari mitano. Mzee na Sarufi, pitieni:

balts, balta (bainifu: baltais, baltā)
1. -eupe, kwa rangi: *balts krekls*, shati jeupe, *baltai veļai*, kwa nguo nyeupe. 2. -tupu: *balta lapa*, karatasi tupu.
3. (mtu, katika nyimbo na pongezi) mwema, mpendwa: *balta māmiņa*, mama mpendwa.
Mwanga, rangi ya mwanga, nywele za dhahabu: tazama gaišs. Aliyepauka: bāls.
Usichanganye na balts, balti (Mbalti, Wabalti): *baltu valodas*, lugha za Kibaltiki.

---

Mzee_wa_Isimu

Iko vizuri, binti. Ongeza kitu kimoja mwishoni, hata kwa herufi ndogo: *balss* ni sauti, na pia kura, na *balsts* ni nguzo au tegemeo. Hayana undugu wa karibu na *balts*, lakini yanatofautiana nalo kwa herufi moja. Kijana akijaza fomu au akisoma tangazo la uchaguzi wa chama cha wanafunzi, *balss* atakutana nayo kabla ya shati jeupe. Asili ya neno iacheni nje ya mistari hiyo. Iwekeni ukurasa wa nyuma, pamoja na *baltkrievi* na *baltvācieši*.

---

Duka_la_Maneno

Na *olbaltumvielas* msiifiche chini ya *balts*. Ipeni mstari wake kwenye herufi O, maana mtu aliyesimama mbele ya rafu ya maziwa hataenda kuitafuta kwenye B.